"Sugar" na "sukari": wa ukoo mmoja, lakini si mzazi na mtoto

Mwalimu mmoja wa Kiingereza katika shule ya sekondari mkoani Morogoro ameniandikia kwamba wanafunzi wake wa kidato cha pili, walipofika kwenye somo la majina ya vyakula, waligawanyika pande mbili. Wa kwanza walishikilia kwamba Waswahili walilipata neno "sukari" kwa Waingereza, kwa sababu viwanda vikubwa vya sukari vililetwa wakati wa ukoloni. Wa pili wakasema ni Waingereza waliolichukua kwetu, wakalitamka kwa namna waliyoiweza. Mwalimu anauliza ni upande upi wenye haki, kisha anaongeza swali ambalo analiita dogo, ingawa kwangu mimi ndilo zito zaidi: kwa nini Waingereza huliandika neno "sugar" kwa herufi ya S, lakini wakilitamka hutoa sauti ya "sh"?

Mwalimu mwenzangu, nakushukuru kwa kuwaacha vijana wabishane kabla ya kulitafuta jibu. Pande zote mbili zimekosea mahali pamoja, kwani zimechukulia kwamba maneno mawili yakifanana, basi sharti moja liwe mzazi na jingine mtoto. Maneno haya hayakuzaana. Yote mawili yametokana na neno la Kiarabu "sukkar", ila moja lilizunguka njia ya kaskazini, likavuka Bahari ya Mediterania na kupita katika vinywa vya Walatini na Wafaransa kabla ya kufika Uingereza, na jingine likashuka na majahazi ya msimu wa kaskazi hadi pwani yetu, bila kupitia mkono wa mtu wa tatu. Kwa hiyo "sukari" ya Mswahili iko karibu na chanzo cha Kiarabu kuliko "sugar" ya Mwingereza, na hilo ni jambo ambalo wanafunzi wako wanaweza kulihakikisha wenyewe kwa masikio yao, kama nitakavyoonyesha.

Lakini Kiarabu nacho si mwanzo wa safari. Waarabu walilipokea neno hilo kutoka kwa Waajemi, ambao walisema "shakar", na Waajemi walilitoa Bara Hindi, ambako katika Kisanskriti lilikuwa "sharkara". Maana yake ya asili haina uhusiano wowote na utamu. "Sharkara" ni changarawe, kokoto ndogondogo, mchanga mnene. Ukitaka kuwaeleza wanafunzi jambo hili bila maneno mengi, mimina kijiko kimoja cha sukari juu ya karatasi, uwaambie wafumbe macho na kuisugua kwa ncha ya kidole. Watakachokisikia kidoleni ndicho alichokisikia yule Mhindi wa kale aliyekuwa wa kwanza kuipa jina: chembe ngumu, zenye pembe, zinazokwaruza. Ulimi haujahusika bado.

Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo palipo na kiini cha historia yote ya neno hili. Muwa wenyewe ni mmea wa kale sana, ambao watu walianza kuulima katika kisiwa cha New Guinea, na kwa karne nyingi mahali pengi ulikuwa kitu cha kutafuna tu, ukinyonya maji yake na kutema makapi, kama watoto wa Kilombero na Mtibwa wanavyofanya hadi leo. Maji ya muwa hayahitaji jina linalohusu changarawe. Jina hilo lilihitajika pale tu Wahindi walipojua kuyachemsha maji hayo, kuyapunguza juu ya moto, na kuyaacha yapoe mpaka yagande kuwa chembe. Utamu walikuwa wanaujua tangu zamani kupitia asali na matunda. Kilichokuwa kipya machoni pao kilikuwa ni utamu uliogeuka mchanga. Ndiyo maana neno la ufundi wa kugandisha likawa jina la chakula chenyewe, na likasambaa pamoja na bidhaa.

Wageni walioiona sukari kwa mara ya kwanza nao walistaajabia jambo lilelile. Nearkhos, amiri jeshi wa majini wa Aleksanda Mkuu aliyefika Bara Hindi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alisimulia habari za matete yanayotoa asali ingawa hakuna nyuki. Miaka mia nne hivi baadaye, katika karne ya 1 baada ya Kristo, tabibu wa Kigiriki Dioscorides aliandika kuhusu aina ya asali iliyoganda, ipatikanayo katika matete ya Uhindi na Uarabuni, akaifananisha na chumvi kwa namna inavyovunjika baina ya meno. Mroma Plinius, aliyeishi wakati uleule, alisema kwamba hutumika kwa dawa peke yake. Wote wawili waliliandika jina lake kwa umbo linalokaribiana na "sakkharon", ambalo ni "sharkara" iliyopita katika lugha za Kihindi zilizozungumzwa mitaani na bandarini wakati huo. Na tukija kwa majirani zetu wa Bukini, yaani Madagaska, Wamalagasi hawakulikopa neno hili kabisa bali waliunda la kwao, "siramamy", ambalo ukilifasiri ni "chumvi tamu". Tabibu Mgiriki na Mmalagasi hawakuwahi kukutana, lakini chembe ileile iliwapeleka kwenye chumvi wote wawili.

Kuna ushahidi mmoja wa wakati huo ambao ningependa kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki aujue. Mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kigiriki na ambaye hakuacha jina lake, alitunga katika karne ya 1 mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Hindi, ule unaojulikana kama Periplus. Ndani yake ndimo tunamosoma habari za Rhapta, soko la mwisho la pwani iliyoitwa Azania, ambalo wanahistoria wengi huliweka mahali fulani katika pwani ya Tanzania ya leo. Katika mwongozo huohuo ametaja shehena iliyotoka Barygaza, yaani Bharuch ya Gujarat, ikaletwa katika bandari za pembe ya Afrika ambako leo ni Somalia: ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba, na "asali ya matete iitwayo sakkhari". Hasemi kwamba bidhaa hiyo ilishuka hadi Rhapta, nami sitamsemea. Ila tunajua kwa uhakika kwamba karibu miaka 2000 iliyopita sukari ilikuwa inapakuliwa katika pwani ya Afrika ikiwa na jina lake la Kihindi, wakati ambapo kisiwa cha Uingereza hakikuwa hata na lugha ya Kiingereza.

Sasa tuifuate njia ya kaskazini. Uislamu ulipoenea, kilimo cha muwa kilifuatana nao kutoka Uajemi hadi Misri, kisiwa cha Sicily na Hispania, na popote kilipofika, neno "sukkar" lilikuwa linasemwa mashambani na sokoni. Wahispania na Wareno walilichukua pamoja na kiambishi chake cha "al", ambacho mbele ya S hutamkwa "as", na kwa hiyo wakapata "azúcar" na "açúcar". Waitaliano walisema "zucchero" na Wafaransa "sucre". Waingereza walilipata kwa Wafaransa, kwa kuwa baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa ndicho kilichokuwa lugha ya watawala na ya meza zao. Neno hilo linaanza kuonekana katika maandishi ya Uingereza katika karne ya 13, likiandikwa kwa tahajia za namna nyingi, na baadaye K ya katikati ikalegea ikawa G. Mabadiliko kama hayo hayakutokea kwa neno hili peke yake: neno la Kifaransa "flacon", lenye maana ya chupa, nalo liligeuka kuwa "flagon" kwa Kiingereza.

Wakati huo sukari haikuwa kitu cha jikoni kwa mtu wa kawaida. Mwaka 1226 mfalme Henry III alimwagiza meya wa Winchester amtafutie ratili 3 za sukari ya Aleksandria, kama zingeweza kupatikana kwa pamoja kwa wafanyabiashara wa gulio la mji huo. Mfalme mzima anaomba ratili tatu, na hana hakika kama atazipata! Iliuzwa na wauza dawa na viungo, na jina la kisayansi la muwa, "Saccharum officinarum", ambalo mwanasayansi wa Uswidi Linnaeus alilitangaza mwaka 1753, bado limeubeba ukumbusho huo, kwani sehemu yake ya pili ina maana ya "wa maduka ya dawa". Iliposhuka bei hadi kuingia katika kikombe cha kila mtu, ilishuka kwa jasho la Waafrika waliotumwa utumwani katika mashamba ya Brazil na visiwa vya Karibi. Siwezi kulieleza neno hili kwa vijana nikaliruka hilo.

Nafika katika swali lako la sauti ya "sh". Wasomaji kadhaa huniambia kwamba Waingereza wametunza matamshi ya asili, yaani "sh" ya "sharkara" na "shakar", huku Waarabu na sisi tukiwa tumeyapoteza. Ni dhana inayovutia, nami naelewa kwa nini inapendwa, lakini si kweli. Neno lilipoingia Uingereza lilikuwa limeshapita Kiarabu, Kilatini na Kifaransa, na ndani ya lugha hizo tatu lilianza kwa sauti ya S au ile iliyo karibu na Z. "Sh" ya kale ilikuwa imeshakufa njiani. Iliyopo sasa imezaliwa upya Uingereza, kwa sababu ya irabu iliyofuata. Wafaransa hutamka "u" yao kwa kuchongoa midomo, na Waingereza walipoiiga waliigawa kuwa "yu", hata neno likasikika kama "syugar". Jaribu kulisema hilo upesi mara kumi. Ulimi unaotoka kwenye S kwenda kwenye Y huchoka kupiga hatua mbili, hukutana katikati, na katikati yake ni "sh". Kufikia karne ya 17 matamshi hayo yalikuwa yameshaenea, lakini tahajia ilibaki palepale. Neno "sure", linalomaanisha hakika, lilipitia mkondo huohuo na kwa sababu hiyohiyo, nalo pia huandikwa kwa S na kutamkwa kwa "sh". Wafundishe maneno hayo mawili pamoja, na wanafunzi hawatayasahau.

Jibu hilo pia linaiondoa dhana nyingine, kwamba Waingereza walilipata neno kwa Wahindi wakati walipoitawala India. Kampuni yao ya biashara ya mashariki iliundwa mwaka 1600, na wakati huo walikuwa wameshalitumia neno lao kwa zaidi ya miaka 300.

Turudi kwetu. Nimesema kwamba wanafunzi wanaweza kuhakikisha kwa masikio asili ya neno "sukari", na njia ni hii. Waandike ubaoni maneno manne ya Kiarabu, "khabar", "safar", "khatar" na "sukkar", na mbele yake waandike habari, safari, hatari na sukari. Kiswahili hakikubali silabi ya Kiarabu iishie kwa R mwishoni mwa neno namna hii, hivyo kimeongeza irabu "i", na ile K iliyokazwa kimeilegeza ikawa moja. Kisha waandike maneno tuliyoyapata kwa Waingereza yenye mwisho unaofanana na wa "sugar": "dollar", "ruler", "manager", "sweater". Tumeyafanya dola, rula, meneja na sweta. Mwingereza haitamki R ya mwisho, nasi tulikopa tulichokisikia, kwa hiyo maneno yote yakaishia kwa "a". Kama tungelipata neno hili kwa Waingereza, leo tungekuwa tunanunua kilo ya "shuga". Na "shuga" kwa kweli tunalo! Liliingia baadaye sana, likakaa katika misemo ya mjini kama "shuga dadi" na "shuga mami", wala halikuweza kuiondoa sukari dukani wala jikoni. Wachewa wa Malawi ndio wanaosema "shuga" kwa maana ya sukari yenyewe, kwa kuwa wao walilipata kwa Kiingereza, ilhali Waganda wanaosema "sukaali" na Wanyarwanda wanaosema "isukari" walifikiwa na neno letu la pwani.

Wapo pia wanaodhani kwamba ni Wareno waliotuachia neno hili. Wareno walilibeba neno na A yake mbele, "açúcar", na kwetu hakuna dalili ya A hiyo. Tena, Vasco da Gama alipofika Mombasa mwezi Aprili 1498, kumbukumbu za safari yake zinasema kwamba mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo mmoja pamoja na machungwa, ndimu na miwa kwa wingi. Mgeni aliletewa miwa na mwenyeji. Na angalieni jina la mmea huo: Waarabu huuita "qasab", nasi hatukulichukua, kwa sababu tulikuwa na "muwa" letu la Kibantu. Mtu hakopi jina la kitu kilichoota uani kwake. Tulichokikopa ni jina la chembe zilizokuja ndani ya vifurushi, na kwa Kiswahili mmea na bidhaa yake vimebaki na majina yasiyohusiana, kila moja likitueleza lilikotoka.

Kuhusu hoja ya viwanda, ambayo naona iliwapa nguvu wanafunzi wa upande wa kwanza, waambieni kwamba katika bonde la mto Pangani sukari ilikuwa ikitengenezwa katika karne ya 19, kabla ya Wajerumani na kabla ya Waingereza, kwenye mashamba ya Waarabu wa Kiomani yaliyolimwa na watumwa. Kiwanda kikubwa cha mtambo kilikuja baadaye na kikakuta neno limeshazoeleka.

Nimekusudia kumalizia na kitu ambacho unaweza kukiingiza darasani mkononi. Nunua sokoni bonge moja la sukari guru, ile ya rangi ya kahawia isiyosafishwa, ambayo baadhi ya wenzetu wa Kenya huiita sukari nguru. Nilipokuwa mdogo bibi yangu aliikwangua kwa kisu juu ya sinia kabla ya kuitia kwenye kashata, na mabaki yaliyoshika kisuni yalikuwa haki ya mjukuu aliyekaa karibu. Waulize wanafunzi "guru" hilo limetoka wapi. Ni neno la Kihindi "gur", jina la bonge hilohilo la maji ya muwa yaliyochemshwa yakagandishwa bila kusafishwa. Kwa hiyo katika jina letu hilo moja, neno la kwanza lilitoka Bara Hindi likazunguka kwa Waajemi na Waarabu kabla ya kutufikia, na la pili likavuka bahari moja kwa moja pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi.

Kisha waambie kwamba Waingereza nao huliita bonge hilo "jaggery". Walilitoa kwa Wareno, ambao walisema "jágara", na Wareno walilisikia kwa watu wa pwani ya Malabar, kusini mwa India, wanaosema "chakkara". Nayo "chakkara" ni "sharkara" ileile, changarawe ileile. Baada ya "sugar" na "jaggery", mlango wa tatu ambao neno hili liliupitia kuingia Kiingereza ulikuwa wa Kilatini cha wanasayansi, pale Constantin Fahlberg, akifanya kazi katika maabara ya Ira Remsen katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alipogundua mwaka 1879 kitu kitamu kisicho sukari na kikapewa jina la "saccharin". "Sugar", "jaggery" na "saccharin": Mwingereza ana maneno matatu yasiyofanana sana kwa macho, na yote ni neno moja la Kisanskriti lililobisha hodi nyumbani kwake mara tatu. Wape wanafunzi maneno hayo matatu bila kuwaeleza chochote, waulize kama yana uhusiano, na uwaache wabishane tena.